Kabla hujalipia matangazo ya simu, uliza jibu la mteja linaenda wapi

Ramadhani ya mwaka jana, tuko kumi la mwisho, nilinunua SMS 3,000. Mimi nauza kofia za mkono hapa Lamu, na anayejua kofia anajua Idd ndio msimu, ukilala wiki hiyo basi ungoje Maulidi. Kijana aliyeniuzia alinipigia simu kutoka bara, sauti yake nzuri, kila neno "madam", akaniambia meseji itatokea na jina la duka langu badala ya namba, kama vile zinavyokuja za benki. Hapo kwenye benki ndipo aliponipata. Nikalipa za SMS, nikalipa na za kusajili jina ambazo zilizidi za SMS zenyewe, na jina lenyewe halitakiwi kupita herufi 11 kwa hivyo duka langu likakatwa mkia.

Meseji tuliiandika pamoja kwa simu. Idd Mubarak, kofia mpya zimefika, jibu meseji hii na saizi ya kichwa chako tukuwekee yako, na mengine mawili matatu. Namba yangu ya simu nikataka kuitia, akasema "madam, jina latosha, utajaza nafasi bure." Nafasi. Na mimi huku nimeshatia emoji ya mwezi mwandamo pale mwanzo, ndio ipendeze, na hilo hakulisemea kitu.

Ule mwezi ulinila pesa wallahi. SMS ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Ukitia emoji moja tu, au hata zile alama za nukuu zilizopinda ambazo huja zenyewe ukikopi kutoka kwenye kompyuta, hesabu inabadilika, nafasi inashuka hadi herufi 70, na ikipita hapo inakatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja na kila kipande unalipia kama SMS nzima. Yangu ilikuwa na herufi 148. Vipande vitatu. Kwa hivyo SMS zangu 3,000 zilifika kwa watu 1,000, kredi ikasoma sufuri na mimi niko jikoni nakunja sambusa, hata Magharibi haijaadhiniwa.

Lakini hilo la mwezi nimelisamehe. Ambalo sijalisamehe ni la Ami yangu wa Langoni. Siku ya tatu nakutana naye Mkunguni, nampa shikamoo, anaitikia lakini uso hauko. "Mwanangu, nalikuandikia tangu juzi, saizi za wajukuu wote watano, hukunijibu. Umeshakuwa mtu mkubwa?" Nikamwambia Ami sijapata kitu. Akatoa simu yake, ile ndogo ya kubonyeza, akanionesha: ameandika kwa mkono wake, na miwani yake ile, Salim 20, Abdalla 20 na nusu, mpaka wa tano, ametuma kwa lile jina la duka, mara nne ametuma, na mara nne simu imemwambia haikwenda. Yeye akadhani ni mimi nimemfungia.

Manake meseji inayokuja kwa jina haijibiki. Hilo jina si namba, nyuma yake hakuna laini, mteja akiandika jibu haliendi popote. Na mimi nimewaandikia watu "jibu meseji hii". Sijui ni wangapi walipima vichwa vyao usiku ule.

Tangu siku hiyo watu wakiniuliza walipie matangazo gani, bei siwaambii, bei mtaulizia wenyewe, na "watu wangapi wataliona" pia siwaambii kwa sababu kuona si kununua. Nauliza moja tu. Mteja akishaliona tangazo na akataka kuuliza swali, anabonyeza wapi, na hilo swali linaangukia mkononi mwa nani? Biashara zetu huku ni za maswali. Kofia ya inchi 22 kwa kichwa cha 22 na nusu haivaliki, inakaa juu kama kifuniko cha sufuria. Mkoba wa ukili watu wataka kujua mkanda ni mrefu kiasi gani, viatu vya Siyu wataka kujua ngozi ni ngumu ama laini, chumba cha kulala wageni wauliza punda wanalia saa ngapi (wanalia saa zote). Tangazo lisiloweza kuulizwa swali ni bango tu.

Kwa kipimo hicho basi, naanza na nilipendalo.

Nambari moja ni tangazo la kulipia la Facebook au Instagram ambalo mtu akilibonyeza linafungua WhatsApp yako, na huko nyuma uwe na WhatsApp Business, sio ile ya kawaida. Mimi ni mtu wa WhatsApp Business na siwezi kujificha, anayetaka mwongozo usio na upande aende kwengine. Programu yenyewe ni ya bure, imetoka 2018, na kinachokugharimu ni tangazo. Ina katalogi ya hadi bidhaa 500, mimi nina kofia 38 tu humo. Ina zile lebo za rangi, kwangu njano ni "hajapima", kijani "amelipa", nyekundu ni yule anayeuliza bei kila Ijumaa na hanunui. Ina majibu ya haraka, nikiandika alama ya mkwaju (/) na neno "pima" yanakuja maelezo yote: zungusha tepu juu ya masikio, ipite katikati ya kipaji, usiikaze. Mama mmoja yuko Muscat alinitumia picha ya mume wake amelala kochini, tepu imezunguka kichwa, inchi 23 inasomeka vizuri kabisa, chini ameandika "hajui kitu, nataka kumshtukiza". Nioneshe SMS ya jina itakayokuletea picha kama hiyo.

Ukilipia tangazo usibonyeze tu kile kitufe cha kubusti (Boost) halafu ukatulia. Mahali pa kuchagua lengo chagua kutumiwa meseji za WhatsApp, manake usipoangalia wanakuletea "likes", na likes hazina kichwa cha kupimwa. Na usitangaze Lamu peke yake. Sensa ya 2019 ilituhesabu 143,920 kaunti nzima na wavaa kofia wote wa hapa wanajuana na fundi wao. Mimi naweka Mombasa, Nairobi, na Ghuba wiki mbili kabla ya Idd. Anza na pesa kidogo siku tatu, uone maswali yanakuja ama hayaji. Kama huna kadi ya benki, ndani ya M-Pesa iko GlobalPay, ile kadi ya Visa ya ndani ya simu iliyoanza 2022. Na weka akilini kwamba VAT ya asilimia 16 inakaa juu ya ile bei uliyoandika, mara ya kwanza mimi nilidhani nimeibiwa kumbe ni kodi.

Ubaya wa WhatsApp nao nauandika ili nisije nikaambiwa nimelipwa. Ile ya kutumia watu wengi kwa mkupuo, orodha moja inabeba watu 256, na inamfikia yule tu aliyeseivu namba yako. Usipoijua hiyo utatuma mwaka mzima unadhani watu wanakudharau. Mimi mteja akija dukani kuchukua kofia namwambia toa simu, niseivu mbele yangu, simwachi atoke. Pia tafuta laini ya biashara peke yake, iwekee ile PIN ya tarakimu sita ya ndani ya WhatsApp, na mtu akikupigia akakwambia umsomee namba ya siri ya tarakimu sita iliyokujia kwa meseji mkatie simu hata akijiita nani.

Halafu iko hii linki ya wa.me, ile mtu akiibonyeza inamfungulia WhatsApp yako, ambayo watu hutia kwenye Instagram yao. Nimezunguka kurasa za mashoga zangu hapa, za vyumba Shela, za halua, za mikeka ya Matondoni, nikazibonyeza moja moja, na nyengine hazifunguki! Mtu ameandika wa.me halafu 07, basi. Haitaki sifuri ya mwanzo, haitaki alama ya kujumlisha, inataka 254 halafu namba iliyobaki. Shoga yangu mmoja alikuwa amelipia matangazo miezi minne na linki yake imekufa, na huku akisema msimu mbaya, watalii hawaji, kusi limekuwa kali.

Nambari mbili ni Google, ile ya kuweka biashara yako kwenye ramani, zamani ikiitwa Google My Business, siku hizi Google Business Profile. Hulipi. Kwa kofia hainisaidii sana lakini kwa mwenye vyumba au mkahawa naona ni lazima, mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Manda tayari anatafuta kwenye ramani, na kitufe cha kupiga simu kiko pale pale, swali linafika. Shida yetu ni vichochoro. Hatuna namba za nyumba, na ukiweka alama ovyo utaleta watu kwa jirani. Yangu ya kwanza ilikaa baharini, mbele ya gati, kama nauza kofia kwenye jahazi. Isogeze kwa kidole mpaka ikae juu ya paa lako, na maoni ya wateja uyajibu, hata lile la nyota mbili.

Tatu ni SMS za wingi. Ndio, zile zile, sikuzitupa. Kwa watu wazima kama Ami wenye simu za kubonyeza hakuna kinachowafikia kama SMS, na bei ya moja ni karibu shilingi moja ama chini ya hapo. Lakini namba yako ya simu iwe ndani ya meseji, emoji hakuna, hesabu herufi zisipite 160, na usimwambie mtu "jibu". Zipo na namba fupi zinazopokea majibu, zinalipiwa kila mwezi, kwa duka la ukubwa wangu naona ni kujitafutia madeni. Tena watumie wateja wako mwenyewe tu. Yule kijana aliniambia anazo "namba za Pwani" za kunipa, mimi nikafurahi, sikujiuliza amezitoa wapi, na sheria ya kulinda data ya 2019 inasema huwezi kumfanyia mtu biashara kwa data yake bila ridhaa yake. Namba za Pwani zenyewe, siku ile ya pili bibi mmoja jirani yangu ndiye aliyeniambia binti yake aliyeolewa Kitale, huko bara, amepata meseji yangu.

Nne, tovuti. Nzuri ukiwa na hoteli. Ila sikia hili. Huku kuna watu wanakutengenezea tovuti, jina la .co.ke wanalisajili kwa jina lao wao, barua pepe yao wao, na siku mkikosana unakuta mlango wa duka lako una kufuli ya mtu mwengine. Na ukurasa wa Facebook ni vivyo hivyo, mtu "anakusimamia", kumbe yeye ndiye mwenye akaunti na wewe ni mgeni. Nimeona hapa mama mwenye vyumba vizuri kabisa akianza ukurasa upya kutoka sufuri kwa sababu kijana aliyemfungulia amekwenda Qatar kikazi na hapokei simu. Halafu bei wanazotutajia! Akijua tu unaishi Lamu anadhani unalala juu ya dola za Wazungu wa Shela, haoni kwamba hata uzi wa kufumia unanijia kwa basi na boti kutoka Mokowe na kila mkono unaopita unakata chake. Na risiti hawatoi. Wanakutumia skrinshoti ya "imefika" 1,000, ati ndio ushahidi. Imefika, sikatai. Ilifika kwa Ami pia.

Yule wa SMS nilimwambia yote hayo akaniambia sio makosa ya mfumo. Wiki tatu baadaye nikapata meseji kutoka kwa kampuni yake, kwa jina kubwa kubwa, ofa ya SMS za msimu wa Maulidi. Nikaketi barazani nikamwandikia jibu refu, nikalitia na neno moja ambalo mama yangu hajui kama nalijua, nikatuma. Simu ikaniambia haikwenda.

Mwisho kabisa ni kulipa mtu mwenye wafuasi wengi aje apige picha na kofia zako. Alikuja mmoja, alivaa kofia kinyume, maswali ya watu yakabaki kwenye ukurasa wake hayana wa kuyajibu. Sitaki kulizungumza.

Vya bure, yaani kuposti kwenye magrupu, status ya WhatsApp, TikTok, fanyeni, havina gharama, ila magrupu yetu ya hapa mtu akiuza kofia chini yake wanafuata watu kumi wanauza mafuta ya nazi.

Kabla hujalipa chochote, chukua simu ya mtoto wako au ya jirani, simu ambayo haina namba yako, lione tangazo lako kama mteja, libonyeze, uliza swali, halafu ukae ungoje uone kama swali litakufikia. Mimi nafanya hivyo kila mwezi na binti yangu ananicheka, anasema najiuzia kofia mwenyewe.

Ami alipata zake tano, mosi Shawwal asubuhi, nimempelekea mpaka mlangoni. Za inchi 22 na nusu zimebaki mbili, moja rangi ya maziwa na moja ya kahawia. Ukiniandikia mchana niwie radhi, najibu baada ya Isha.