Mtoto aliyesahauliwa garini: jela au king'ora?

Nchini Marekani, kwa wastani watoto zaidi ya 35 hufa kila mwaka kwa joto ndani ya magari. Zaidi ya nusu yao husahauliwa na mzazi au mlezi. Kosa ni lilelile, lakini mwendesha mashtaka mmoja hufungua kesi ya kuua bila kukusudia, mwingine humwacha mzazi akazike.

Wanaotaka kifungo husema mtoto hana mtetezi ila sheria. Kwa aliyemwacha mtoto akijua, akaingia dukani, nakubaliana nao. Lakini adhabu humtisha anayeamua. Baba aliyepitiliza hadi kazini, mtoto kalala kimya kiti cha nyuma, begi la nepi pembeni, hakuamua lolote. Aliamini ameshamshusha kwa mlezi. Jela itamfunza nini?

Italia ilipitisha sheria mwaka 2018: kiti cha mtoto wa chini ya miaka 4 kiwe na kifaa cha kumshtua dereva. Asiye nacho hutozwa faini mtoto angali hai. Mimi niko upande huu. Wazazi wengine huvua kiatu cha kushoto na kukiweka kando ya mtoto, wasiweze kushuka bila kugeuka nyuma.