Asilimia 99 halafu kimya: tovuti ya kushusha video iliyonikesha

Ngoja niandike nikiwa bado na hasira, maana nikipoa nitaisamehe hii tovuti, na haistahili.

Jina siitaji. Aina yake mnaijua: ukurasa mweupe, kisanduku kimoja cha kubandika linki, kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua". Nimeitumia zaidi ya mwaka bila shida. Mapishi, mawaidha, jinsi ya kufungua pampu ya mashine ya kufulia, vyote vilishuka vizuri. Nimewaelekeza watu wengi huko, na sasa naona aibu.

Mdogo wangu alifanyiwa sendofu Dar. Bibi yetu yuko Newala, na magoti hayamruhusu kukaa kwenye basi kutwa nzima. Mtu wa video akaipandisha YouTube, akatutumia linki, akahesabu kazi imekwisha. Kwa bibi mtandao ni wa kutafuta kwa kuzunguka nyumba na simu mkononi, lakini TV ipo na ina tundu la flashi. Basi mpango ukawa mwepesi: nishushe usiku, nitie kwenye flashi, alfajiri nikadandie basi la Kusini Mbagala.

Nikasubiri saa sita bando la usiku lianze. Nikabandika linki, nikachagua ubora wa juu, 1080p, maana bibi lazima aone mpaka ushanga wa shingoni. Mstari ukaanza kutembea. 40. 70. 90. Ukafika 99, ukaganda. Nikaenda kunywa maji, nikarudi: 99. Nikaenda kupiga mswaki, nikarudi: 99. Kisha yakatokea maandishi mekundu: "Hitilafu. Jaribu tena baadaye." Baadaye lini, na basi linaondoka saa kumi na mbili?

Nina miaka mingi napakua wali. Sijawahi kupakua wali ukagoma ukiwa umebaki ukoko.

Nikaanza kuhangaika kama wote tunavyohangaika. Nikafuta historia ya kivinjari. Nikafungua kwa kivinjari kingine. Nikakata mkia wa linki, yale maherufi yanayofuata alama ya kuuliza. Nikawasha VPN, ile programu ya kujifanya uko nchi nyingine, nikaizima. Safari moja nikapata namba 403, yaani umekataliwa kuingia, na ukurasa mtupu. Nyingine nikabonyeza kitufe cha kijani, nikajikuta kwenye mkeka wa kubeti. Nikarudi, nikabonyeza kingine kilichofanana nacho kama pacha, nikaambiwa simu yangu ina virusi 13 na nisakinishe programu fulani haraka. Sikusakinisha, sijachoka kiasi hicho. Ila mahali fulani, kwa usingizi, nilibonyeza "Ruhusu", na tangu siku hiyo simu inanitumia arifa za wanawake wapweke waliopo karibu nami. Niliziona mara ya kwanza nikiwa nimekaa sebuleni na mama mkwe. (Dawa yake: ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uifute ile tovuti. Mimi nilichelewa.)

Saa tisa usiku, muujiza. Faili limeshuka lote. Nikalifungua, picha kama kioo. Mashangazi wanaingia ukumbini wanacheza, vitenge vinang'aa, na sauti hakuna. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikachomeka spika za masikioni. Hakuna. Ukumbi mzima unapiga vigelegele kwa midomo mitupu, kama samaki kwenye beseni. Na bibi, kabla ya yote, alichosema ni kwamba anataka kuzisikia nyimbo.

Hapo nikaandika kwenye kisanduku cha msaada kilichopo chini ya ukurasa. Niliandika kwa adabu, naapa. Nikaeleza linki, ubora niliochagua, faili bila sauti. Jibu likaja haraka ajabu: "Huduma ni bure. Usipoipenda usitumie."

Sentensi mbili. Hakuna pole wala subiri. Nimewahi kujibiwa vibaya na makonda, na wauza nyanya, na mpokezi mmoja wa hospitali ambaye hadi leo namuota, lakini hii ilinichoma zaidi kwa sababu ni kweli. Ni bure. Sikuwahi kuwapa hata shilingi. Ingawa nikihesabu bando lililoliwa na yale majaribio yote, bure iko wapi? Na yale matangazo ya kubeti niliyoyafungua bila kupenda, nani alilipwa? Sikujibu. Nilitukana ukuta.

Nikampigia mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta. Akapokea kwa sauti ya usingizi, "Shikamoo mjomba, kuna msiba?" Nilipomweleza akacheka, jambo ambalo sijalisahau. Akasema video za YouTube za ubora wa juu hukaa vipande viwili, picha peke yake na sauti peke yake, zinakutana pale unapotazama. Tovuti ya kushushia inatakiwa ivute vyote viwili ivishone yenyewe. Mshono ukigoma, utakwama mwishoni au utapewa picha bubu. "Chukua 360p, mjomba. Hiyo ndiyo inayokaa picha na sauti faili moja."

Ikashuka kwa dakika chache. Na sauti yake. Saa nne za maisha yangu, na jibu lilikuwa kitufe cha chini kabisa ambacho nilikuwa nakidharau.

Njiani akaniandikia zaidi. Tovuti nyingi za namna hii zimepanda mgongoni mwa programu huria kama youtube-dl na mrithi wake yt-dlp. YouTube ikibadilisha kitu upande wake, zote zinalala mpaka wale wanaojitolea watengeneze. Oktoba 2020 youtube-dl iliwahi hata kuondolewa GitHub, ghala la mtandaoni la programu kama hizo, kwa malalamiko ya RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, ikarudishwa Novemba. Kwa hiyo labda yule jamaa aliyenijibu saa tisa usiku naye alikuwa amekesha, anasubiri watu asiowajua wamtengenezee ngazi aliyoiazima. Nikamwonea huruma kuanzia Mbagala mpaka darajani Rufiji, kisha nikakumbuka "usipoipenda usitumie", huruma ikaisha.

Na kabla hujaniletea sheria: najua masharti ya YouTube hayaruhusu kushusha kwa njia hizi. Lakini ile sendofu ni yetu, tumemlipa mtu wa video mpaka senti ya mwisho. Yeye mwenye akaunti angeweza kuitoa mwenyewe ndani ya YouTube Studio bila kukesha. Simu yake ilikuwa imezimwa. Huyo nitamwandikia maoni yake peke yake.

Bibi alitazama. Kwenye TV ile picha ya 360p ilitoka na ukungu, akauliza mbona Dar siku hizi kuna moshi. Lakini nyimbo zilipoanza aliweka kikombe chini. Kipande cha mashangazi kuingia alitaka kirudiwe mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anaimba nao, anawatangulia maneno, anawakosoa walipokosea.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuja hapa kutoa moja. Kwa ile picha bubu, moja. Kwa kubeti na virusi 13, hata hiyo moja naikata nusu. Ila faili lililomwimbisha bibi lilitoka pale pale, siwezi kusema uongo. Weka mbili. Mpwa wangu amenitilia yt-dlp kwenye kompyuta pamoja na kitu kinaitwa ffmpeg cha kushonea picha na sauti, na sasa nashusha 1080p yenye sauti bila kuona tangazo. Nikasema tovuti ile basi, tumeachana.

Wiki iliyopita nilikuwa mbali na kompyuta, shemeji anataka video ya kuchanganya lishe ya kuku. Nikaifungua tena. Ikashusha kwa mara ya kwanza, haraka, picha na sauti. Weka tatu. Halafu arifa ya mwanamke mpweke ikaingia.

Mbili.