Sony A7 III na a6400: miezi minane nikitembea na zote mbili

Jumamosi moja Sinza, kabla bibi harusi hajatoka chumbani, shangazi wa upande wa mume alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Mwanangu, mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi?" Nilikuwa nimeshika kamera yangu ndogo, Sony a6400, yenye lenzi ya Sigma fupi kama kikombe cha kahawa. Nikamjibu, "Shikamoo shangazi, ndiye mimi." Akaitikia marahaba, kisha akaguna. Mguno ule nadhani ulisikika mpaka Mwenge.

Ningeweza kusema ni huo mguno ulionitoa milioni tatu na laki mbili kununua A7 III ya mtumba, na wapiga picha wengi hapa mjini wangenielewa bila maelezo. Kamati ya harusi inapima fundi kwa ukubwa wa mashine. Lakini kilichonifikisha dukani ni kitu kingine kabisa, kidogo kama ukucha, nitakifikia.

Nijitambulishe kwanza ili ujue napima kwa mizani gani. Wikiendi napiga sendoff, kitchen party na harusi, mnato tu, jongefu namwachia mwenzangu. Katikati ya wiki napiga keki, vitenge na viatu vya akina dada wanaouza mtandaoni. Nakaa Tabata, gari sina. Kila kamera ninayoisifu au kuiponda hapa imepanda daladala.

Zote mbili ni kamera zisizo na kioo ndani, na zote zina megapikseli 24.2. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: kama namba ni ile ile, kwa nini moja ilizinduliwa mwaka 2018 kwa dola 2,000 bila lenzi na nyingine mwaka 2019 kwa dola 900? Tofauti iko kwenye sensa. (Siyo ile ya kuhesabu watu na makazi. Basi tuiite kihisi.) Kihisi cha A7 III ni fulufremu, takriban milimita 36 kwa 24, sawa na kipande cha filamu ya zamani. Cha a6400 ni takriban 23.5 kwa 15.6. Ukipiga hesabu ya eneo, kikubwa kinakizidi kidogo zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kwa lenzi ya uwazi ule ule na fremu ile ile kinapokea mwanga zaidi ya mara mbili.

Kwenye jua la saa nne asubuhi Coco Beach, tofauti hiyo sikuiona. Nilipiga familia moja kwa kamera zote mbili, nikachanganya picha kwenye kompyuta, nikajaribu kukisia ipi ni ipi. Nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia.

Ukumbini ni habari nyingine. Wote mnazijua kumbi zetu: vitambaa mpaka darini, taa za zambarau, na MC anayetaka giza bibi harusi akiingia. Ukirusha flashi darini upate mwanga laini, dari lenyewe lina kitambaa cha zambarau, unarudishiwa zambarau. Kwa hiyo mara nyingi nazima flashi napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuona gizani, mpaka 6400. Hapo a6400 inaanza kuonyesha chenga, zile punje punje kwenye picha, na mbaya zaidi ni kivulini. Suti nyeusi ya bwana harusi inakuwa kama imemwagiwa unga. Nikiinua mwanga usoni kwa mtu mweusi tititi kama kaka zangu wawili, ngozi inajaa mabaka mekundu yasiyokuwepo. A7 III inaniruhusu kuinua kivuli hicho hicho na ngozi ikabaki ngozi, huku shela nyeupe bado ina nakshi zake.

Ila niwe mkweli. Picha nyingi za harusi zinaishia WhatsApp, na huko chenga zote zinapotea. Zinaonekana kwenye albamu kubwa, ile inayofunguka kurasa mbili picha moja. Kama hupigi albamu, sehemu kubwa ya faida hii unailipia bure.

Na kuna dawa ya bei nafuu ambayo wauza kamera hawaisemi: lenzi yenye uwazi mkubwa (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ndiyo mkubwa). Sigma 30mm f/1.4 ina gramu 265 tu. Ukiifunga kwenye a6400 inaona eneo kama la lenzi ya 45mm kwenye fulufremu, na kwa mwanga na kwa nyuma kufifia inakuwa kama lenzi ya f/2 hivi kwenye kamera kubwa. Sasa mtu anayenunua A7 III halafu hela ikamwishia, akaifunga lenzi ya f/4, ajue kwamba giza lile lile la ukumbini dogo mwenye a6400 na hiyo Sigma anamshinda. Nimeiona kwa macho yangu Ubungo, na aliyeshindwa alikuwa na mkanda wa shingoni ulioandikwa jina la kamera kwa herufi kubwa.

Uzito, mwili mtupu wa A7 III na betri ni gramu 650. Lenzi niliyokuwa naikodi, Sigma 24-70 f/2.8, ni gramu 830. Jumla karibu kilo moja na nusu, kuanzia saluni saa saba mchana mpaka ndafu inapomalizwa usiku. a6400 ni gramu 403, na Sigma 18-50 f/2.8 inayofanya kazi karibu ile ile ni 290. Zote pamoja hazifiki robo tatu ya kilo. Tofauti ya hizo mbili unaisikia kwenye kifundo cha mkono kuanzia keki, na Jumapili asubuhi unaisikia ukisuka nywele.

Kwenye fokasi nilitarajia mkubwa ashinde. Wapi! Zote zinashika jicho vizuri (A7 III ilipata uwezo wa jicho wa kisasa kwa programu mpya mwaka 2019), lakini a6400 ina namna ya kumfuata mtu hata akigeuza kisogo, akizunguka, akipita nyuma ya meza. Kwa wale wanaoingia ukumbini wakicheza, wapambe kumi na wawili hatua mbili mbele moja nyuma, naishika ndogo. Kubwa nayo inarudisha heshima kwenye utulivu: kihisi chake kinajituliza chenyewe mkono ukitikisika. Mishumaa, maombi, watu wamesimama kimya, napiga kwa mwendo wa polepole, shata (mlango wa mwanga ndani ya kamera) ikikaa wazi kitambo, bila stendi. a6400 haina kitu hicho.

Betri sitaki kuzungumza sana. Kipimo cha kiwandani ni picha kama 710 kwa A7 III na 410 kwa a6400. Nilikuwa natoka na betri nne ndogo, sasa natoka na mbili kubwa, na umeme ukikatika Ijumaa usiku silali na wasiwasi.

Sasa ule ukucha. Mwaka jana, sendoff Kimara, kadi ya kumbukumbu ilikufa saa tatu usiku. Haikutoa onyo, ilileta ujumbe tu kwenye kioo, na kila kitu tangu saluni kikawa hakipo. Bibi harusi akimvisha mama yake kitenge, baba akilia kwa kujificha nyuma ya MC, vyote. Fundi mmoja wa kuokoa mafaili alikaa nayo siku nne akanirudishia picha kumi na tisa, kumi na moja kati yake za meza ya keki. Nilirudisha hela yote. Mama wa bibi harusi hakunigombeza, alisema tu, "Basi mwanangu, Mungu anajua," na ningependa angenitukana.

a6400 ina tundu moja la kadi. A7 III ina mawili, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Ndicho nilichokinunua kwa milioni tatu na laki mbili. Kihisi kikubwa kilikuja kama nyongeza ya muuza nyanya. Na usidhani ukipanda toleo shida imekwisha: a6700 ya mwaka 2023 ilipewa betri kubwa na utulivu wa kihisi, kamera nzuri haswa, lakini tundu la kadi bado ni moja.

Kuipata kwenyewe kulinichukua wiki tatu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa safi kama imetoka kwenye boksi, bei chini ya wengine wote kwa laki nne. Nikawasha. Menyu Kijapani. Nikatafuta pa kubadili lugha, hakuna. Muuzaji akaniambia, "Dada, utazoea tu, si alama zinaonekana?" Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huja na Kijapani peke yake. Ni kama zile IST zinazowasalimia wenyewe kwa Kijapani kila asubuhi zikiwashwa, tofauti ni kwamba gari halikulazimu ulisome. Nikairudisha mezani.

Ya pili lenzi yake ilikuwa na fangasi. Joto na unyevu wa pwani hii ni chakula chao. Mulika tochi ya simu upande mmoja wa kioo uangalie kwa upande wa pili; ukiona utando kama wa buibui, shukuru uondoke. Ya tatu ndiyo niliyonayo. Shata yake ilikuwa imepigwa mara 61,000 hivi, na A7 III ilijaribiwa kiwandani kufikia 200,000, kwa hiyo mahesabu yalikubali. Naiweka ndani ya dishi la plastiki lenye kifuniko, na vipakiti vya kunyonya unyevu nilivyovikusanya kwenye maboksi ya viatu ya wateja wangu.

Na kwa mtu wa Dar: ukitoka chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kwenda nje bustanini, lenzi inapata ukungu palepale. Lenzi kubwa ni donge la vioo, inachukua muda mrefu zaidi kupata joto. Mara mbili nimemwomba bibi harusi asubiri mlangoni huku nikipepea kamera kama jiko la mkaa. Siku hizi begi linatoka nje robo saa kabla yake.

Siku zisizo na harusi A7 III inabaki kwenye dishi. Nikienda Feri alfajiri kupiga mnada wa samaki natumia ndogo, inakaa ndani ya kikapu chini ya kanga, na wachuuzi wananichukulia mteja. Nilikwenda na kubwa mara moja tu. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeulizwa natoka televisheni gani, nimeombwa kibali, na bei ya changu ikapanda. Ndani ya daladala la Tabata saa kumi na mbili jioni sithubutu hata kuifungulia zipu.

Dogo mmoja wa mtaani kwetu amekusanya milioni mbili na nusu na amekuwa akinifuata, dada hivi, dada vile, auze pikipiki afikie kubwa? Nimemkataza kuuza pikipiki. Achukue a6400, hiyo 30mm, flashi moja na kadi mbili, na abadilishe kadi katikati ya sherehe, kabla ya keki, ile iliyojaa iingie mfukoni, isibaki kwenye begi. Harusi kubwa ikija, A7 III za kukodi mjini zipo, na kukodi kwa siku moja mimi nilikuwa nalipa elfu sabini. Hiyo anaiweka kwenye bei ya mteja.

Ameniuliza kama nitamuuzia ya kwangu ndogo. Hiyo hapana.