Mto wa kabari kwa kiungulia cha usiku: pima urefu kabla ya kulipa

Kazi ya mto huu ni moja: kuinua kifua kizima ili asidi iliyopanda kwenye umio iteremke. Mwenye ngiri ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) anauhitaji zaidi, kwa kuwa sehemu ya mfuko wake wa tumbo imepenya kifuani, na misuli inayofunga mlango wa mfuko huo haibanwi tena vizuri na kiwambo. Akilala bapa, asidi hupanda kwa urahisi.

Upande mnene uwe na kimo cha sm 15 hadi 20. Ukizidi hapo, mtu huteleza usiku kucha na kuamka shingo imekakamaa. Lakini kinachowaponza wanunuzi wengi ni urefu. Mto unaoishia mabegani humkunja mtu kiunoni, tumbo likabanwa na asidi ikasukumwa juu. Kurundika mito ya kawaida kuna kasoro hiyohiyo. Chagua unaoanzia kiunoni, usiopungua sm 60.

Sponji nayo ibonyeze kwa uzito wa mwili, si kwa kidole. Mto wa sm 18 unaodidimia hadi sm 10 haufai, hata foronya yake iwe nzuri vipi.

Ukiulalia, makalio yabaki kwenye godoro, mgongo wote uegemee mwinamo. Mto mdogo chini ya magoti huzuia kuteleza. Kwa anayelala ubavu, wa kushoto ndio bora: mfuko wa tumbo hukaa chini ya umio. Bega huweza kuuma siku za mwanzo.

Mgongo ukikataa, inua matendegu ya mchagoni kwa vigingi vya mbao vya sm 15 hadi 20 vilivyochimbwa kishimo katikati, tendegu lisichomoke. Kitanda kizima huinama na kiuno hakikunjwi. Kwa maoni yetu njia hii huushinda mto, ila mwenzako kitandani naye atalala mwinamo.

Hakuna mto unaorudisha ngiri mahali pake, na hautafua dafu ukila ukashiba kisha ukalala. Mlo wa mwisho uishe angalau masaa 3 kabla. Chakula kikikwama ukimeza, ukitapika damu, ukipata choo cheusi au ukikonda bila sababu, nenda kwa daktari kwanza. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani ni ya kukimbizwa hospitali papo hapo, yasidhaniwe kiungulia.