Sarafu za Shaba za Wagiriki wa Kale: Ipi Ununue Kwanza

Wanaoanza kukusanya sarafu za Wagiriki wa kale hukimbilia zile za fedha, ilhali za shaba iliyochanganywa na bati ndizo zilizolipia mahitaji madogo ya sokoni, na kwa kawaida bei yake ni nafuu zaidi. Nimezipanga nne kwa kigezo kimoja, yaani jinsi picha zake zinavyomweleza mungu pamoja na mji uliomheshimu.

Ya kwanza, bila kusita, ni ya Pergamo, mji wa kale ulio katika Uturuki ya leo, ya karne ya 2 na ya 1 KK. Upande mmoja una kichwa cha Asklepios, mungu wa uponyaji. Wa pili una fimbo iliyozungukwa na nyoka, na maandishi yenye maana ya “ya Asklepios Mwokozi”. Mahali ambapo miji mingi iliandika jina la wenyeji wake, hapa limewekwa jina la mungu, kana kwamba sarafu ni mali yake, na mji huo ulikuwa na patakatifu pake mashuhuri, ambapo wagonjwa walilala wakitumaini kupata tiba ndotoni. Chagua ambayo mikunjo ya nyoka na herufi vinaonekana wazi; ndevu za mungu zikiwa zimelika kidogo, usijali.

Inafuata ya Hieron II wa Sirakusa, mji wa kisiwa cha Sisilia, aliyefariki mwaka 215 KK: kichwa cha Poseidon, mungu wa bahari, kisha mkuki wake wa ncha tatu katikati ya pomboo wawili. Picha hiyo inaufaa mji wa bandari, ila jina lililoandikwa ni la mfalme.

Ya tatu ni ya Philip II wa Makedonia, yenye Apollo na kijana juu ya farasi. Ni rahisi kuipata. Ya mwisho ni ile kubwa na nzito ya akina Ptolemaios wa Misri, yenye Zeus Ammon (Zeus aliyeunganishwa na Amun, mungu wa Wamisri) na tai aliyesimama juu ya radi, kwa kuwa inatangaza ukoo wa kifalme kuliko mji.

Kabla ya kulipa, kagua ukingo: mstari wa kuungana kwa kalibu ni dalili ya bandia, kwani hizi zote nne kwa kawaida ziligongwa kwa nyundo. Utando laini wa kijani kibichi usiusugue kamwe, lakini unga wa kijani hafifu unaopukutika ni ulikaji unaoendelea, na sarafu hiyo iache. Mwisho, dai hati zinazoonyesha ilikotoka, kwa sababu Ugiriki na Uturuki zinakataza kutoa nje mambo ya kale bila kibali, na sarafu iliyochimbwa kwa wizi imekwisha kupoteza habari za udongo ilimolala.