TAHADHARI mafundi wa Tanga: X9C103 za huyu muuzaji si zenyewe

Wakuu, habari za kazi. Kuna jamaa anayejitambulisha kuwa yuko Ngamiani, anatangaza rezista za kuprogramu, zile aisii za miguu 8 tunazofunga badala ya volyumu ya kuzungusha. Anasema ni X9C103 orijino. Hela anataka itangulie kwa simu, mzigo unaletwa na bodaboda asiyejua lolote, kwa hiyo hata pa kuulizia hapana.

Nilizoletewa zimesuguliwa usoni na kuchapwa upya. Pitisha pamba yenye asetoni, maandishi yote yanabaki kwenye pamba. X9C103 ya kweli ni ya kilo-omu 10, na kiwanda kinaruhusu izidi au ipungue kwa asilimia 20. Weka mita kati ya mguu wa 3 na wa 6, ncha mbili za rezista: ikisoma kati ya 8 na 12, sawa. Zangu baadhi zilisoma karibu 100, yaani kipimo cha X9C104. Nyingine hazikusoma kitu, hizo hata rezista si rezista.

Kubwa zaidi ni kumbukumbu. Sisi tunainunua X9C kwa sababu umeme ukikatika inabaki pale pale ulipoiacha katika hatua zake 100. Fundi mwenzangu wa Makorora aliifunga ya huyu jamaa kwenye amplifaya ya msikiti. Usiku umeme ukakatika, ukarudi, na alfajiri adhana ikasikika safu ya mbele tu!

Ukilalamika atakwambia hujui kuprogramu. Msimwachie hapo. Ni kweli X9C haihifadhi ovyo ovyo: mguu wa 7 (CS, wa kuichagua aisii) upandishwe volti wakati mguu wa 1 (INC, wa kusogeza hatua) volti yake iko juu, ndipo inaandika. INC ikiwa chini, haihifadhi. Basi fanyeni hivyo hivyo mbele yake, zimeni, washeni, pimeni tena mguu wa 5, ule wa kati unaosogea kama wa volyumu. Tuone atasingizia nini.

Halafu eti inapunguza kasi ya feni ya volti 12 moja kwa moja. Hata iliyo halisi haiwezi, ncha zake ni za volti 5 na mkondo wa miliampia chache tu. Utaiunguza.

Hela yangu hajarudisha na simu hapokei. Anayetaka namba anayotumia aniulize faragha kabla hajatuma chochote.