Seti ya saiti ya "saizi ya wote": kipi kinamkaa mwanamke, kipi kirudi dukani

Ingia duka lolote la vifaa vya kujikinga, Kariakoo au Industrial Area ya Nairobi, useme unataka seti ya saiti. Utawekewa mezani vitu vilevile: helmeti, riflekta, ovaroli ya kipande kimoja, buti zenye chuma mbele, glovu, na kama kazi ni ya juu, hanesi, yaani mikanda ya mwilini ya kumshika anayeanguka. Uliza ya mwanamke. Muuzaji atakujibu bila hata kuinua macho kwamba hii ni ya wote.

Ya wote maana yake imekatwa kwa vipimo vya mwanamume, kisha ikaongezewa kamba za kukazia. Hapa seti hiyo inapimwa kwa mwili wa mwanamke wa mita 1.58 na kilo 55, anayefunga nondo, anayechomelea, anayesimamia zege au anayepanda juu kupima. Baadhi ya vitu vinamfaa hivyohivyo. Vingine fundi cherehani anaviokoa. Na kipo kimoja ambacho sindano haitakiwi hata kukikaribia.

Tuanze na buti, kwa kuwa ndizo zinazoumiza watu wengi zaidi. Rafu huanzia 40, ukibahatika 39, na wanawake wengi wanavaa 37 au 38. Ushauri wa dukani ni ule ule miaka yote: vaa soksi mbili. Soksi mbili zinajaza urefu, hazijazi mahali penye tatizo. Miguu miwili ya urefu mmoja, wa mwanamke kwa kawaida una kisigino chembamba, na sehemu ya juu ya wayo iko chini zaidi. Kwa hiyo kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, saa nne asubuhi lengelenge limeshatoka, na kwenye ngazi buti inachelewa kuufuata mguu. Kibaya zaidi ni kile chuma. Chuma cha mbele hakikunjiki, na buti imetengenezwa ikunjike nyuma yake kidogo, pale vidole vinapokunjikia. Mguu mfupi ndani ya buti ndefu unakunjika mahali pengine kabisa, na ukingo wa chuma unakandamiza juu ya vidole kila anapochuchumaa. Kufunga nondo ni kuchuchumaa kutwa nzima.

Jaribu hivi kabla ya kulipa. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Vaa soksi moja ya kazi, funga kamba hadi juu, chuchumaa, kisha simama kwa ncha za vidole. Ukihisi ukingo wa chuma juu ya vidole, hiyo si yako, hata kama inapita vizuri ukitembea. Kisigino kikiinuka zaidi ya nusu sentimita, si yako vilevile. Insoli nene inasaidia pale tofauti ni nusu saizi tu. Ikiwa saizi nzima, utapandisha mguu juu hadi vidole viguse dari ya chuma, na hapo umebadilisha ugonjwa tu.

Kuna buti zinauzwa kama "za kike", nyingi zikiwa na uzi wa pinki au zambarau. Usizikatae, ila zichunguze. Chomoa insoli ya "kike" 39 na ya kiume 39, zilaze moja juu ya nyingine. Kama zinalingana kila upande, kalibu ni ile ile na ulicholipia ni rangi. Ya kike kwelikweli inakuwa nyembamba kisiginoni.

Kuhusu uimara, soma lebo iliyoshonwa ndani ya ulimi wa buti. Tafuta EN ISO 20345, na kwa saiti ya ujenzi tafuta S3: ngozi inayozuia maji, soli yenye meno, na tabaka la kuzuia msumari. S1 peke yake haina tabaka hilo. Chuma cha mbele chini ya kiwango hicho kinapimwa kwa pigo la juli 200, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukidondoka kutoka sentimita 40 hivi. Kipimo hicho hakipungui kwa buti namba 37, kwa hiyo anayekuambia buti ndogo si imara anataka tu kuuza alizonazo.

Ovaroli ya kipande kimoja ina ugomvi wa aina mbili. Wa kwanza kila mtu anaujua na wachache wanausema: chooni. Mwanamume anafungua zipu. Mwanamke anavua mpaka magotini, mikono ya ovaroli ikiburuta kwenye sakafu ya choo cha saiti, na wote tunajua sakafu hiyo ilivyo. Riflekta na hanesi vikiwa juu, vyote vinatoka kwanza. Matokeo yake wengi wanaacha kunywa maji toka asubuhi, kwenye jua la saa saba, na yanayofuata ni kichwa kuuma na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa hiyo hukumu hapa ni fupi: nunua ya vipande viwili, koti na suruali. Bei inapanda kidogo na tatizo linaisha siku hiyohiyo.

Ugomvi wa pili ni vipimo. Ovaroli inauzwa kwa namba ya kifua. Mwenye hipsi pana anapanda namba mbili ili zipu ifunge, na hapo mabega yanashuka hadi katikati ya mkono na mikono inafunika vidole. Mkono uliokunjwa mara tatu ni hatari penye grainda, drili au mashine ya zege, kwa sababu mkunjo ndio unaokamatwa kwanza. Suruali iliyokunjwa chini ni hatari kwa mchomeleaji: cheche inaingia kwenye mkunjo na kukaa humo ikiunguza taratibu, naye yuko na kioo usoni haoni.

Ugomvi huu fundi cherehani anaumudu. Mpelekee vipimo vinne: kifua, kiuno, hipsi, na urefu kutoka kiunoni hadi kisigino akiwa amevaa buti. Chagua namba inayotosha hipsi, kisha punguza kwingine. Mikono ikatwe na kuwekewa kafu yenye lastiki au kifungo, isikunjwe. Miguu ikatwe na kupigwa pindo la ndani lililoshonwa bapa. Mambo mawili ya kumwonya fundi. Kama kitambaa ni cha kuzuia moto, uzi nao uwe wa kuzuia moto, maana uzi wa poliesta unayeyuka na mshono unafunguka wakati moto unapowaka. Na asipunguze mistari inayong'aa. Nguo ya daraja la 2 chini ya EN ISO 20471, kiwango cha nguo za kuonekana kwa mbali, inatakiwa kuwa na angalau mita za mraba 0.13 za mistari hiyo na 0.50 za kitambaa chenye rangi kali. Ukikata pindo lenye mstari ili kufupisha, nguo imeshuka daraja hata kama lebo bado inasema 2. Kata juu ya mstari, hamisha mstari.

Riflekta yenyewe haina shida kubwa. Tafuta yenye velkro ubavuni. Inayoning'inia inanasa kwenye nondo, na kama itanasa afadhali ifunguke kuliko ikuvute.

Sasa hanesi. Hapa hakuna kurekebisha. Usikate, usishone, usitoboe tundu jipya, usifunge fundo kufupisha mkanda. Ama imekukaa au haikukai.

Ya kawaida ina mikanda miwili inayoshuka wima mbele ya mabega, imeunganishwa na mkanda mmoja wa kifuani. Kwa mwanamke mikanda hiyo inateleza kutafuta nafasi, ama pembeni kuelekea kwapani au ndani kuelekea shingoni. Anayeona inambana matiti anaupandisha mkanda wa kifuani juu ili apumue, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu akianguka hanesi inapanda na ule mkanda unaishia kooni. Unatakiwa ukae katikati ya kifua, si chini ya kidevu. Hanesi zilizokatwa kwa ajili ya wanawake zinapitisha mikanda ya mbele kwa kupinda, au zinaikutanisha mahali pamoja katikati, na zina kitambaa cha kubeba chini ya makalio ili mapaja yasibebe kila kitu.

Pete ya mgongoni ikae katikati ya mabapa ya mabega. Kwa mwenye kiwiliwili kifupi, hanesi kubwa inaiacha pete chini mgongoni, na akining'inia anainama mbele, uso chini. Mikanda ya mapajani: kiganja kilichonyooka kipite, ngumi isipite. Ukiwa umekaza mpaka mwisho na ngumi bado inapita, ni kubwa, irudi. Jaribio la kweli ni kuning'inia sentimita 30 kutoka chini kwa dakika moja mbili, mtu wa kumshusha akiwa pembeni. Dukani hawatakuruhusu. Saiti inayojiheshimu itakuruhusu.

Halafu lipo jambo ambalo hata maofisa usalama wengi hulipita. Kifyonza mshtuko kwenye kamba inayoifunga hanesi mahali imara kinapimwa kwa uzito wa kilo 100 na kinatakiwa kisizidishe nguvu ya kilonewtoni 6. Nguvu hiyo ikimshika mtu wa kilo 100 ni kama mara 6 ya uzito wake. Ikimshika wa kilo 55, ni mara 11. Kamba ni ile ile, anguko ni lile lile, mwili mwepesi unakatwa kasi kwa ukali zaidi. Soma lebo ya kifyonza: iwe na uzito wa chini pamoja na wa juu, na mtumiaji awe kati yake. Lebo yenye uzito wa juu peke yake haitoshi kumnunulia mtu mwepesi. Mjamzito asipandishwe kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto.

Glovu zinakuja namba 10 kwa mazoea tu. Zungusha futi kamba kwenye kiganja chini ya vifundo vya vidole, kidole gumba kikiwa nje: milimita 178 ni namba 7, 203 ni namba 8, 254 ndiyo hiyo 10. Ncha za glovu zilizobaki tupu hazishiki msumari, na mdomo mpana wa glovu unakaribisha zege bichi ndani. Zege bichi ni kali, linaunguza ngozi polepole bila kuuma mwanzoni, na likinaswa ndani ya glovu linafanya kazi hiyo kutwa. Miwani: ikiteleza puani ukiinama, tafuta yenye daraja laini. Barakoa za FFP2, zile za kuchuja vumbi, zichaguliwe za mikanda ya kichwani, si ya masikioni. Kwenye uso mdogo barakoa huvuja kando ya pua. Weka viganja juu yake, toa pumzi kwa nguvu, ukihisi upepo machoni haijakukaa. Kwa anayevaa mtandio, mikanda ipite chini ya mtandio.

Helmeti ndiyo kifaa pekee kwenye seti hii kinachostahili kuitwa cha wote, mradi ina gurudumu la kukazia nyuma na si vitobo vya plastiki. Za vitobo huishia nafasi ambayo bado inacheza kwenye kichwa kidogo. Kazi iliyobaki ni ya nywele. Kati ya ganda na utosi kuna nafasi ya kama sentimita 3 ambayo ndiyo inayomeza pigo. Fundo la kilemba, mabutu au rasta zilizobanwa juu zikikaa humo, pigo linafika kichwani moja kwa moja. Twende kilioni zinalala vizuri kuliko msuko wowote. Rasta zibanwe chini ya mstari wa helmeti, kisogoni. Mtandio uwe mwepesi, wa kunyumbuka, bila pini. Na nunua kamba ya kidevuni, maana seti nyingi huja bila hiyo.

Anayedhani haya ni malalamiko ya saiti za kwetu tu, akumbuke kuwa Machi 2019 NASA iliahirisha matembezi ya kwanza ya wanawake wawili nje ya kituo cha anga kwa sababu wote wawili walihitaji saizi ya kati na ni kiwiliwili kimoja tu cha saizi hiyo kilichokuwa tayari. Matembezi hayo yalifanyika Oktoba 18 mwaka huohuo, mmoja wa wale wawili akiwa na mwenzake mwingine. Na nchini Marekani, viwandani sharti la vifaa kumkaa sawasawa mvaaji lilikuwapo tangu miaka ya 1990, lakini kanuni ya ujenzi ilitamka hivyo wazi Januari 2025.

Kutoa vifaa ni wajibu wa mwajiri, Tanzania chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya chini ya ile ya 2007. Kinachoharibika ni karatasi ya oda. Ikiandikwa "buti pea 40", msambazaji ataleta 41 hadi 44. Andika kwa namba: 37 pea 4, 38 pea 6, 39 pea 3, S3, kalibu ya kike, glovu 7 na 8, koti na suruali kwa vipimo vya hipsi, hanesi saizi ndogo, yenye uzito wa chini kwenye lebo. Ongeza sharti la kubadilisha saizi ndani ya siku 14 kama kifaa hakijachafuka. Usiandike "za wanawake" peke yake. Utaletewa pinki.